Namba ya mwaka haitoshi: jinsi ya kusoma mabadiliko ya matoleo kabla ya kununua gari Mwanza

Mnunuzi wa gari lililotumika hapa Mwanza, awe anazunguka kwenye yadi za mjini au anatazama magari ya Japani kwenye simu yake, swali lake la kwanza huwa ni la mwaka. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa ushuru, bei na uwezekano wa kuliuza tena gari baadaye hufuata mwaka. Hata hivyo jibu la namba moja halitoshi, kwa sababu magari mawili ya jina moja yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja yanaweza kutofautiana taa, bampa, injini na hata mafuta ya giaboksi, na tofauti hiyo wengi huigundua siku wanapotafuta spea. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua, kabla hujatoa fedha, gari limeangukia wapi katika mfululizo wa mabadiliko ambayo kiwanda huyafanya mwaka hadi mwaka. Nimeuelekeza zaidi kwa magari ya Kijapani, hasa Toyota, kwa sababu ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu kuanzia Igoma hadi Nyegezi.

Viwanda hubadilisha magari kwa utaratibu gani

Desturi ya kutoa toleo jipya kila mwaka ilikolea Marekani katika miaka ya 1920, chini ya Alfred P. Sloan, aliyeshika urais wa General Motors mwaka 1923. Henry Ford alikuwa bado anauza Model T, gari lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927 bila kubadilika sana katika msingi wake, na Sloan akaona kwamba mteja mwenye gari zima kabisa atatamani jingine iwapo la mwaka huu litapendeza kuliko la mwaka jana. Tangu hapo soko la Marekani huhesabu kwa mwaka wa modeli, ambao kwa kawaida hutangulia kalenda: gari la modeli ya 2016 linaweza kuwa limetoka kiwandani mwaka 2015, na Ford Mustang ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Aprili 1964, ilihesabiwa kuwa ya 1965. Ukikutana na gari lililotengenezwa kwa soko hilo, tazama namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Alama ya 10 kutoka kushoto ndiyo inayotaja mwaka wa modeli, ambapo A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea hivyo hadi H ambayo ni 2017. Herufi I hairuhusiwi katika namba hizo, kwa hiyo J ndiyo 2018.

Magari yaliyouzwa ndani ya Japani, ambayo ndiyo mengi tunayoyapokea, hayafuati hesabu hiyo. Kiwanda huhesabu kwa vizazi. Kizazi kimoja hudumu miaka mitano, saba au zaidi ya kumi, na katikati yake gari hupewa uso mpya, yaani taa, shoo na bampa za sura nyingine, mara nyingi pamoja na mabadiliko ya ndani ambayo macho hayayaoni. Kati ya uso mmoja na mwingine huwapo maboresho madogo ya karibu kila mwaka: rangi inaongezwa, kiti kinabadilishwa kitambaa, sensa inahamishwa, toleo lisilouzika linaondolewa. Subaru wamekwenda mbali kiasi cha kuyapa maboresho hayo ya mwaka herufi zake, kuanzia A kwa mwaka wa kwanza wa kizazi, kisha B, C na kuendelea, na fundi wa Subaru anayeijua kazi yake huuliza herufi hiyo kabla ya kuagiza chochote.

Ni muhimu kuelewa pia kwamba kampuni haibadilishi magari yake yote kwa siku moja. Teknolojia huanzia kwenye gari moja, kisha hupita kwenye mengine kadiri kila moja linavyofikia zamu yake ya kupewa uso au kizazi kipya. Mfumo wa usalama wa Toyota unaoitwa Toyota Safety Sense ulianza Japani mwaka 2015 kwenye Corolla, ukasambaa kwa magari mengine baadaye. Kwa hiyo Toyota mbili za 2015 zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu zinaweza kutofautiana hadi kioo cha mbele, moja ikiwa na kamera nyuma ya kioo na nyingine ikiwa haina kitu. Atakayevunja kioo chenye kamera atambue kwamba kioo cha kawaida hakitamfaa, na kwamba kamera yenyewe huhitaji kupimwa na kurekebishwa upya baada ya kioo kufungwa.

Tenganisha tarehe kabla ya kulinganisha bei

Gari moja linaweza kubeba mwaka wa kutengenezwa, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japani na, kwa yale ya Marekani, mwaka wa modeli. Matangazo mengi ya wauzaji wa Japani huonyesha mwaka na mwezi wa usajili wa kwanza, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye hati ya kuliondoa gari katika daftari la usajili wa huko. Gari lililotoka kiwandani Novemba 2014 na kukaa kwa muuzaji hadi Februari 2015 litatangazwa kuwa la 2015. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania, kinachopatikana kwenye tovuti ya TRA, huuliza mwaka wa kutengenezwa, na jibu lake huamua thamani ambayo juu yake hutozwa ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa, pamoja na ule wa ziada wa uchakavu kwa magari yaliyokwishazeeka. Tofauti ya mwezi mmoja tu kati ya Desemba na Januari inaweza kulisukuma gari kwenye kundi la umri lenye ushuru mkubwa zaidi. Kwa kuwa viwango hurekebishwa wakati wa bajeti, ingiza taarifa za gari lako kwenye kikokotoo chenyewe siku unapoamua kununua, wala usitegemee hesabu aliyofanya jirani mwaka uliopita.

Baadhi ya hati za Kijapani hutaja mwaka kwa enzi ya mfalme. Kwa enzi ya Heisei, ongeza 1988: Heisei 26 ni 2014. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza Mei 2019, ongeza 2018: Reiwa 2 ni 2020.

Soma kibao, usisome tangazo

Kila gari la Kijapani lina kibao kidogo cha chuma au karatasi ngumu, mara nyingi ndani ya boneti kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Mwombe muuzaji akupigie picha yake iliyo wazi. Utaona namba ya modeli, kwa mfano DBA-NCP110, namba ya chesisi, aina ya injini, rangi na giaboksi.

Herufi za mbele kabla ya kistari hutokana na viwango vya moshi vya Japani, na ndizo zinazokueleza gari ni la kipindi gani hata kabla hujaambiwa mwaka. Toyota IST za mwanzo za 2002 ziliandikwa UA-NCP60, na za baadaye za kizazi hicho hicho DBA-NCP60. Magari yaliyopita kwenye viwango vya 2018 yana viambishi vinavyoanza kwa tarakimu, kama 3BA, 5BA au 6AA. Sehemu ya pili ya namba hutaja familia ya injini na kizazi cha gari. IST ya NCP60 ni kizazi cha kwanza. NCP110 ni kizazi cha pili, kilichoanza 2007, nacho kilikuja na giaboksi ya CVT, yaani isiyo na gia za hatua, kwa magari ya kuendeshwa na tairi za mbele badala ya ile ya gia nne iliyotangulia. Mtu anayesema tu kwamba anataka spea ya IST hajasema kitu bado.

Namba ya chesisi ya gari la soko la Japani haina herufi ya mwaka, lakini ukiiingiza kwenye katalogi za spea zinazopatikana bure mtandaoni, utapata mwaka na mwezi wa kutengenezwa pamoja na toleo kamili. Hatua hii huchukua dakika chache, nami siioni sababu ya mtu kulipa mamilioni ya shilingi kabla ya kuifanya.

Mahali sura na injini zinapoachana

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba gari lenye uso mpya ndilo lenye mambo mapya, na lenye uso wa zamani halina jipya.

Chukua Toyota Vitz ya kizazi cha tatu, iliyoanza Desemba 2010. Aprili 2014 ilipewa uso mpya, na pamoja na uso huo toleo la lita 1.3 la kuendeshwa na tairi za mbele likabadilishiwa injini kutoka 1NR-FE kwenda 1NR-FKE. Namba ya modeli ilibaki NSP130. Kwa hiyo hata mtu aliyesoma kibao kwa makini, kama hakuangalia aina ya injini na mwezi wa kutengenezwa, anaweza kuagiza kifaa cha injini isiyo yake, na gari la Machi 2014 na la Mei 2014 yote yataitwa ya mwaka mmoja. Uso mwingine ulikuja Januari 2017, pamoja na toleo la haibridi, kabla ya jina Vitz kuachwa Japani mwaka 2020 na nafasi yake kuchukuliwa na Yaris.

Land Cruiser Prado ya 150 ni mfano wa kinyume. Ilianza 2009, ikapewa uso mpya 2013 na mwingine 2017. Lakini mwaka 2015, katikati ya nyuso hizo mbili, soko la Japani lilipokea injini ya dizeli ya lita 2.8, 1GD-FTV, pamoja na giaboksi ya gia sita, huku uso ukibaki ule wa 2013. Anayeitazama kwa mbele haoni tofauti kati ya Prado ya 2014 na ya 2016. Dizeli hiyo ya soko la Japani ina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la maji ya urea ya kusafisha moshi, vitu viwili vinavyohitaji matunzo ambayo dizeli za zamani hazikuyahitaji. Kabla ya kununua, hakikisha unajua utapata wapi maji hayo yenye ubora unaokubalika, na kwamba fundi wako ana mashine ya kusoma mfumo huo, kwa sababu kuziba au kukata vifaa hivyo kiholela ni kuliharibu gari na kuwachafulia hewa wanaotembea nyuma yako.

Hiace ya umbo la H200, inayobeba abiria na mizigo kanda nzima ya ziwa, ilianza Agosti 2004 na umbo lake la msingi limedumu hadi leo. Chini ya umbo hilo hilo zimepita dizeli ya lita 2.5 ya 2KD-FTV kwenye KDH200, ya lita 3.0 ya 1KD-FTV kwenye KDH201 kuanzia 2007, na ya lita 2.8 ya 1GD-FTV kwenye GDH201 kuanzia mwishoni mwa 2017. Mwenye Hiace ya biashara asiulize kamwe kama spea ni ya Hiace; aulize kama ni ya KDH201 ya mwaka fulani.

Harrier ya kizazi cha tatu, ya 2013 hadi 2020, ilipopewa uso mpya Juni 2017 iliongezewa toleo la injini ya lita 2.0 yenye turbo. Uso huo huo lakini waliupata pia wanunuzi wa ZSU60 isiyo na turbo, hivyo sura ya taa peke yake haithibitishi kuwa unauziwa ile yenye nguvu zaidi.

Kagua kama uso ni wake

Bampa na taa za uso mpya mara nyingi huingia kwenye gari la uso wa zamani la kizazi kile kile, na wapo wanaoyabadilisha magari hivyo kabla ya kuyauza. Kufanya hivyo si kosa iwapo muuzaji amesema wazi. Kosa ni kuficha. Linganisha sura na mwezi uliopatikana kwenye katalogi. Kama gari limetengenezwa kabla ya tarehe ya uso huo, uliza kilichotokea, kwani huenda liligongwa mbele. Tazama kichwa cha boliti za madigadi na boneti kama zina dalili ya kufunguliwa kwa spana. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho usome lebo yake, ambayo mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Soma pia alama za vioo: kimoja kikiwa cha chapa tofauti na vingine, kimebadilishwa.

Chagua upande gani wa kizazi

Kwa mtu anayeishi Mwanza, na zaidi kwa anayeishi Sengerema, Magu au Ukerewe, ushauri wangu ni kununua gari la nusu ya pili ya kizazi, yaani baada ya uso wa katikati, hata kama kwa fedha hiyo hiyo ungeweza kupata la mwanzo wa kizazi kinachofuata. Kasoro za miaka ya kwanza huwa zimeshasahihishwa kiwandani, mafundi wameshalizoea, na spea zilizotumika zimeanza kupatikana kwa wingi. Gari la mwaka wa kwanza wa kizazi kipya huwa zuri kwa macho, lakini likipata hitilafu ya umeme Nansio, ambako gari hupitia kivuko cha Kisorya na Rugezi kufika bara, siku za kusubiri huwa nyingi.

Kanuni hiyo naivunja kwa kitu kimoja tu, nacho ni usalama. Japani ililazimisha mfumo wa kudhibiti gari lisiserereke kwa magari ya abiria ya modeli mpya kuanzia Oktoba 2012, na kwa modeli zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa kuanzia Oktoba 2014, ukiacha yale madogo kabisa ya injini ya cc 660 ambayo yalipewa muda zaidi. Maana yake ni kwamba gari dogo la 2013 linaweza kuwa na mfumo huo au kutokuwa nao kulingana na toleo, wakati la 2015 unalitarajia kuwa nao. Barabara ya kwenda Musoma ikiwa imelowa, na lori likakata ghafla mbele yako, kifaa hicho kinaweza kuokoa maisha. Kama bajeti yako inaweza kunyooshwa hata kidogo, inyooshe uvuke Oktoba 2014 kwanza, ndipo uanze kufikiria rimu na redio.

Kuagiza spea baada ya kununua

Spea ikikosekana kwenye maduka ya mjini huagizwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Ikifika si yenyewe, unalipa nauli ya kuirudisha na ya kuleta nyingine, na gari linaendelea kukaa gereji. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kuagiza kwa namba ya spea. Toyota hutumia namba ya tarakimu na herufi kumi: tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa, tano za mwisho hutaja gari na toleo. 04465 ni brekipedi za mbele, 52119 ni bampa ya mbele, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ya kushoto. Namba kamili utaipata kwenye katalogi kwa kuingiza namba ya chesisi, na katalogi hiyo itakuonyesha pia kama namba imebadilishwa na mpya zaidi. Ukiona kifaa kile kile kina namba mbili zenye tarehe tofauti, moja hadi mwezi fulani na nyingine kuanzia mwezi huo, hapo ndipo kiwanda kilipofanya mabadiliko, na lazima uchague kwa tarehe ya gari lako.

Vimiminika navyo hubadilika na matoleo. CVT za Toyota za zamani hutumia mafuta ya TC na nyingi zilizofuata hutumia FE. Hayo mawili hayachanganywi, na mafuta ya giaboksi ya kawaida hayaingii kwenye CVT hizo. Magari mapya zaidi yameanza kutumia gesi ya kiyoyozi ya R1234yf badala ya R134a, na mdomo wa kujazia ni tofauti, kwa hiyo fundi akikwambia mpira wake haushiki, usimruhusu aulazimishe. Soma lebo iliyo ndani ya boneti.

Piga picha ya kibao, ya lebo ya kiyoyozi na ya ukurasa wa katalogi wenye mwezi wa kutengenezwa, uzihifadhi kwenye simu yako na umtumie fundi wako nakala. Siku gari litakapokwama Usagara usiku, fundi aliyeko mjini ataweza kutafuta kifaa sahihi kabla hajaanza safari ya kukufuata.